Bi Kindi na Pakacha la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na majiko yao na wakiazimana vinu kama sisi, Bi Kindi alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kama kokwa ya embe, na mkia mrefu kuliko yeye.

Siku ya arobaini ikafika. Siku hiyo mama mkwe angekuja na jamaa zake kumtoa mtoto nje, na Bi Kindi alikuwa hajawahi kumpikia mama mkwe huyo hata uji.

"Akikuta sahani tupu," aliwaza, "atasema mwanawe ameoa mvivu. Na atalisema hilo mpaka huyu mtoto aote meno!"

Lakini alikuwa amejitayarisha. Alitwanga kamba wa baharini mpaka wakalainika, akawakanda na unga wa muhogo na chumvi. Donge lile akalipika kwa mvuke, akalikata vipande vyembamba, akavianika juani vikakauka kau! Hivyo ndivyo vikaukau vya kamba. Vilitosha ungo mmoja tu, vidogo, vigumu, vyembamba kama kucha. Kilichobaki kilikuwa kuvikaanga.

Mumewe alikwenda kuwapokea wageni njiani. Bi Kindi akabandika karai, akamimina mafuta. Mara, tu! tu! tu! Ardhi ikatetemeka, vyungu vikagongana.

"Hodi!"

Sauti ile kila mtu aliijua. Alikuwa Bwana Kiboko, jirani ambaye hakuna aliyepika asije kukomba chungu. Nyuma yake alikuja Ngiri, mpambe wake, amebeba pakacha kubwa kama kitanda cha mtoto.

"Mjomba wako nimefika! Harufu ya kamba imenifuata mpaka mtoni. Lete vyote, la sivyo nitaingia pamoja na ukuta!"

"Pamoja na ukuta!" alirudia Ngiri.

"Usiingie, mjomba!" alisema Bi Kindi nyuma ya pazia la mlango. "Mzazi sijatolewa nje. Mwanamume mgeni akivuka kizingiti changu leo, si utachekwa mji mzima?"

Kiboko hakuogopa mamba wala radi, lakini kuchekwa alikuogopa. Akakaa barazani. Baraza ikalia kwii!

Bi Kindi akausogeza ungo chini ya pazia. "Tazama, mjomba. Ndivyo tulivyo navyo."

"Hivi? Vijikucha hivi? Havizibi hata tundu la jino langu!"

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Nikikumiminia hivi hivi, havitafunika hata kitako cha pakacha lako. Lakini nikikukaangia, nikakujazia pakacha mpaka juu, utaniachia vitakavyobaki kwenye ungo?"

Kiboko akatazama ungo. Akatazama pakacha. Akacheka ho! ho! ho! mpaka makuti ya paa yakatikisika.

"Ulijaze hili kwa hivyo? Utatia na mtoto ndani? Na lisipojaa?"

"Lisipojaa, chukua ungo, na karai, na mafuta yake."

Ngiri akamnong'oneza, "Bwana wangu, huyu mwili hana, lakini akili anazo. Tuchukue ungo twende zetu."

"Nyamaza, Ngiri! Nipewe pakacha zima nikatae, nichague vijikucha?"

"Basi apa, mjomba," alisema Bi Kindi. "Apa kwa sauti, shoga yangu Pimbi asikie."

"Naapa! Pakacha langu likijaa, leo sirudi kudai kitu hapa. Nikirudi kudai, mto wangu unikaukie!"

"Nimesikia mimi!" aliitikia Pimbi kutoka dirishani kwake. Huyo Pimbi hakupitwa na jambo.

Bi Kindi akauvuta ungo ndani, akarudi jikoni. Akatia kikaukau kimoja. Kikazama, kikalala chini kimya kama kokoto. Mafuta bado! Angevitia vyote wakati ule, vingetoka vigumu kama vigae.

"Vipi huko?" alinguruma Kiboko. "Tumbo langu halijui kusubiri!"

"Lifundishe, mjomba!"

Akangoja. Mafuta yakaanza kumeremeta. Akatia kingine. Kikazama, kikashtuka, halafu fwaaa! Kikafura, kikajikunja, kikapanda juu cheupe kama ua.

"Ehee!" alisema Bi Kindi.

Akachota konzi moja tu, akanyunyiza. Fwaa! Fwaa! Fwaaa! Karai likajaa. Akavichota kwa kijiko cha matundu, akavipitisha chini ya pazia, moto moto, Ngiri akavitia pakachani. Akatia konzi nyingine, karai likajaa tena.

Ngiri akaona ajabu. Akaisogeza pua yake pole pole kwenye pazia, achungulie.

"Ngiri!" alipiga kelele Pimbi. "Pua yako inatafuta nini kwenye mlango wa mzazi? Aibuuu!"

Ngiri akarudi nyuma mbio, mkia juu.

Konzi chache tu, na pakacha likajaa pomoni, kikaukau cha mwisho kikakaa kileleni kama jogoo juu ya paa.

Bi Kindi akausogeza tena ungo chini ya pazia. "Limejaa, mjomba?"

"Limejaa mwanangu, limefurika!" Kiboko akautupia jicho ungo. Vilivyobaki vilikuwa vimelala vilevile, vijikucha. Akaona amekwisha pata kiini, makapi yamebaki. "Makapi hayo kaa nayo. Mwambie mama mkwe atafune taratibu, yasimvunje meno!"

"Nitamwambia," alijibu Bi Kindi, akauma mkia wake asicheke.

Mtoni Kiboko akapanua kinywa, akalipindua pakacha. Kwacha kwacha! Mara nyingine, kwacha! Kwisha. Tumbo likalia nguruuu.

"Ngiri, pakacha si lilijaa?"

"Lilijaa, bwana wangu."

"Basi vimekwenda wapi?"

Ngiri akakuna sikio. "Kwa nilivyosikia mlio wa vikaukau vile, bwana wangu, umekula upepo wenye chumvi."

Papo hapo vigelegele vikasikika kutoka kwa Bi Kindi. Kiboko akarudi, tu! tu! tu! Akakuta wageni wamejaa uani, na kila sahani ina mlima mweupe wa vikaukau. Mama mkwe, Kindi mzee mwenye mvi mpaka mkiani, amempakata mjukuu.

"Wewe!" alifoka Kiboko. "Yale makapi yamekuwaje milima?"

Bi Kindi alitaka kujificha nyuma ya mtungi. Lakini akamwona mama mkwe akimtazama, akajikaza.

"Mjomba, pakacha lako lilijaa, halikujaa?"

Kiboko akakiri: "Lilijaa."

"Na hapa umekuja kudai?"

"Mto ukauke! Mto ukauke!" alidakia Pimbi.

Kiboko akageuka haraka kuutazama mto wake. "Nani anadai? Mimi nimekuja... nimekuja kumpongeza mzazi."

Wageni wakaangua kicheko. Mama mkwe akampa kikaukau kimoja. "Haya, mpongezaji, pokea. Kaa kule, mbali na ukuta."

Kisha akatafuna chake, krach! Akatafuna kingine, krach! Bi Kindi alisimama kama anasubiri hukumu. Bibi kizee akapangusa masharubu yake, akamsukumia sahani.

"Mwanangu," akasema, "niongezee."

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu, na neno lake ni hili: mwenye pupa hushibisha macho, tumbo likalala njaa.