Simba Alivyokwenda Kupunga Upepo Kisiwani

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa wapi?
— Pakawa pwani!
— Na mwenye usingizi?
— Azibe sikio moja!

Haya. Simba alishuka kutoka bara kuja kupunga upepo katika mji wa Mchangani, na miwani yake ya jua, na kofia yake ya ukindu. Akapanga kwa Bi Nguchiro, mjane mwenye vibanda vitatu vya makuti vya kulaza wageni. Siku ya kwanza Simba akala kuku wote wa Bi Nguchiro, hakushiba. Siku ya pili akala mbuzi wa jirani, hakushiba. Siku ya tatu akawala wageni wa kibanda cha pili, bwana na bibi Swala waliokuja fungate, hakushiba. Msicheke, nanyi mna jamaa wa namna hiyo.

Siku ya nne akachungulia jikoni, nyuma ya mafiga, akawaona watoto watatu wa Bi Nguchiro wamelala.

"Mwenye nyumba," akasema, "hawa kesho niandalie kifungua kinywa. Wa kukaanga."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini Bi Nguchiro akajichekesha, he he he.

"Hawa mifupa mitupu, bwana mkubwa. Kule kisiwani kuna mbuzi wa nadhiri. Watu huwapeleka wakawaacha. Hawana mchungaji, wamenona hata kukimbia hawawezi."

"Wangapi?"

"Wa kukushibisha."

"Twende!"

Maji yalikuwa yamekupwa. Wakavuka kwa miguu juu ya fungu la mchanga, chwa, chwa, chwa, jua la utosi. Kisiwa kilikuwa kimya. Kunguru hakuna, kaa hakuna, hata upepo uliishia ufukweni. Mbuzi walikuwepo kweli, wamefungwa vitambaa vyekundu shingoni, wamesimama, wote wanatazama upande mmoja, msituni. Hawakulia. Bi Nguchiro aliogopa sana, maana hata yeye hakuwahi kukanyaga pale.

"Bwana mkubwa," akanong'ona, "kisiwa hiki kina mwenyewe, naye si mtu. Huita. Sisi wenyeji tuna mila yetu: anayekuita mara moja ni yeye, usiitike. Anayekuita mara mbili ni mwenzio. Mimi nitakaa ng'ambo nikutazamie maji. Yakianza kujaa, nitakuita."

"Mara mbili," akasema Simba, mate yanamdondoka.

"Mara mbili."

Bi Nguchiro akarudi mbio, chwachwachwachwa, hakugeuka nyuma. Simba akala mbuzi wa kwanza, hakushiba. Akala wa pili, hakushiba. Maji yakaanza kurudi, shaa, shaa. Fungu likabaki jembamba kama utepe. Bi Nguchiro akasimama ng'ambo, akaita:

"Simbaaa!"

Mara moja. Kisha akauziba mdomo wake kwa mikono miwili, huruma isije ikamponza akaita tena.

Akamwona Simba anainua kichwa. Akamwona anakitikisa kichwa kile kwa maringo, kama mtu asiyedanganyika. Akamwona anamwinamia mbuzi wa tatu.

Shaa, shaa. Fungu likazama. Bi Nguchiro akashusha pumzi, wanawe wamepona.

Ndipo sauti ikatoka kule kisiwani, ndani ya msitu. Ilikuwa sauti ya Bi Nguchiro, ile ile, hata kikohozi chake kidogo kimo.

"Simbaaa! Simbaaa!"

Mara mbili. Na mikono ya Bi Nguchiro ilikuwa bado mdomoni.

"Naaam!" Simba akaitika. "Nakuja, mama!"

Akaifuata sauti, akaingia msituni, kiwiliwili kikapotea, mkia ukapotea. Kukawa kimya. Na wale mbuzi waliobaki wakageuza vichwa, wote pamoja, wakamtazama Bi Nguchiro.

Tangu siku ile Bi Nguchiro haitiki akiitwa, hata umwite mara kumi. Watoto wake wakitaka uji, huenda kumvuta nguo.

Yangu yameishia hapo. Tamu kuleni, chungu nirudishieni. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukienda kutembea ugenini, fuata mila za wenyeji neno kwa neno. Simba alizifuata, na mpaka leo hatujasikia akilalamika.