Arobaini Wachache wa Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na sebule na simu za mkononi, aliishi Pimbi, mdogo kama kiatu, digrii iko ukutani, kazi hakuna. Mnacheka, watoto? Subirini mkue.

Kila asubuhi Pimbi aliingia kibanda cha matangazo, kimoja tu pori zima, akarekodi podikasti yake. Wasikilizaji arobaini. Akimaliza, anafungua simu kuchungulia wasikilizaji wa Kiboko, aliyerekodi podikasti yake nyumbani. Elfu nne! Roho inamwasha kama amemeza pilipili. Na huyo Kiboko alikuwa anaongelea nini? Tumbo lake. Saa nzima, tumbo.

Siku moja Kiboko akasimama mkutanoni, akamwambia mwenyekiti Mbogo kwamba ni aibu kibanda kukaliwa na mtu wa watu arobaini. Apewe yeye. Wanyama wakacheka, Mbogo akaanza kuitikia kwa kichwa.

Pimbi akameza wivu wake, akajifanya mpole.

"Kweli, bro. Arobaini ni nini? Hata ukiwaalika chakula cha mchana, shemeji hatajua kama kuna wageni."

"Walete Jumamosi," Kiboko akasema, kifua mbele. "Wakinishinda kuwalisha, baki na kibanda chako."

Mbogo akawa shahidi.

Ijumaa Pimbi akawaomba wasikilizaji wake jambo moja tu: kesho asinywe mtu chai ya asubuhi.

Jumamosi, hodi hodi. Mama Kiboko akaitikia karibu, na ukishasema karibu hufungi tena mlango. Ngiri wakaingia. Pundamilia wakaingia. Sofa ikalia kwachu! Viatu mlangoni vikafika kiunoni. Sufuria ya kwanza ya wali ikaisha kabla Twiga hajapata pa kuweka shingo. Ya pili, fyuu. Sahani zikaazimwa kwa majirani, hazikutosha, wengine wakapakuliwa kwenye mifuniko.

Kiboko akashika simu, akawasihi elfu nne wake waje upesi wasaidie kuteka maji na kuchanja kuni. Akaja Chura mmoja.

"Wenzako wako wapi?"

"Sijui, mzee. Mimi huwa nakuwasha nipate usingizi."

Mama Kiboko akatoka jikoni, masizi hadi masikioni, mwiko mkononi.

"Mume wangu, hawa ndio wachache uliowasema?"

Kiboko akatazama uani. Kumi na tisa walikuwa bado wamesimama na mifuniko mitupu, wanamtazama kwa adabu kabisa. Wali umekwisha. Mbogo akakohoa, akatamka kwamba kibanda ni cha Pimbi. Kiboko akaenda zake mtoni, akazama, akaacha pua tu.

Na Pimbi? Jumatatu alichungulia tena ile elfu nne, roho ikamwasha vilevile. Ila safari hii alifunga simu, akawasalimia arobaini wake mmoja mmoja, kwa jina.

Basi shikeni hili: usiwaite watu wachache kabla hujawapikia.