Mkia wa Kondoo wa Mzee Ndahani

Wenye vitambi njooni mbele, hadithi hii ni yenu. Wembamba kaeni popote, hamzibi kitu.

Walikuwako watu watatu wenye vipaji. Nesi Eliwaza wa zahanati alijua kueleza ugonjwa mpaka mgonjwa akauona. Nyemo alikuwa na mkono wa chungu. Hata majani matupu yakipita kwake unalamba vidole. Na Mihayo, Mnyamwezi muuza asali, alikuwa na mdomo. Basi, mdomo tu.

Wote watatu walikutanishwa na kitambi kimoja, cha Mzee Ndahani, Mgogo, mume wa Nyemo. Sukari yake ilikuwa juu, goti limevimba linawaka, na harusi ya binti yake wa pekee, Mbeleje, ilibakiza miezi minane. Katika ukoo wao baba ndiye humtoa binti kwa kucheza ngoma, kutoka uani mpaka walipo wakwe. Baba asipocheza, binti hutembea kimya kama anayekwenda kliniki.

Nesi Eliwaza alimpima kiuno, futi ya kitambaa ikaisha kabla ya kiuno. Akamweleza kwamba mafuta si gunia lililolala. Yana mjumbe wake, protini iitwayo adiponektini, inayopita kwenye damu ikiliambia ini lipunguze kumwaga sukari, ikiihimiza misuli ichome mafuta, ikituliza moto wa uvimbe mwilini.

"Ila yakirundikana tumboni, mjumbe anatumwa kwa nadra," alisema. "Wewe, baba, una ofisi kubwa isiyo na tarishi."

Baada ya miaka sita ya kufokewa, Ndahani akaelewa. Kwa furaha akaahidi: nikicheza siku ile, mkia wa kondoo wa harusi, kipande cha heshima, ni wako.

Nyemo alificha samli, akafukuza soda, akarudisha ugali mdogo wa uwele, mlenda na kunde. Mume alinuna siku tatu. Ya nne akaomba aongezewe mlenda. Mkanda ulipohamia tundu la tatu, alimnong'oneza jikoni: mama Mbeleje, mkia ni wako.

Mihayo alikuwa mtani wake, na mtani hashitakiwi. Kila asubuhi aliichukua pikipiki ya Ndahani akauzie asali, akiacha salamu kwamba Wagogo waliumbiwa miguu ya kufuata ng'ombe. Ndahani akaenda shambani akichechemea. Jioni Mihayo alimngoja njiani, akamuuliza mbele za watu mapacha atajifungua lini. Kumkasirikia mtani ni aibu, kwa hiyo hasira ikashukia miguuni: leo kilomita moja, mwezi ujao tatu. Siku waliposhindana kupanda mlima kwa miguu akampita Mihayo, alimkumbatia, akamwahidi... mnajua alichomwahidi.

Harusi ikafika. Sukari imeshuka, goti limepoa. Ndahani alicheza mpaka njuga zikakatika, Mbeleje nyuma yake akicheka huku analia, wakwe wakasahau pilau.

Kisha sinia likaletwa. Mkia wa kondoo kwao haukatwi. Hupewa mtu mmoja, mbele ya wageni. Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Bila mimi usingejua unapigana na nini," alisema Eliwaza. Mtu akamkumbusha kuwa mkia wote ni mafuta. Akajibu hayo atayajua mwenyewe.

"Tarishi hakurudi kwa maelezo," alisema Nyemo. "Amerudi kwa chungu changu."

"Chungu kimempunguza, sawa," alisema Mihayo. "Lakini nani alimwondoa kwenye kiti?"

Shangazi mmoja akashauri kipewe kitambi chenyewe, maana mafuta ndiyo yaliyomtuma huyo tarishi. Ukumbi ukavunjika kwa vicheko. Ndahani pekee hakucheka. Ahadi tatu, mkia mmoja, na wakwe wanangoja waone kama neno la baba wa bibi harusi lina uzito. Eliwaza ataendelea kumpima, Nyemo atampikia, na ufunguo wa pikipiki bado uko kwa Mihayo.

Haya, waungwana: sinia lingekuwa mikononi mwako, ungemgeukia nani?