Soksi za Mpishi wa Zohali

Mtu akipatwa na maumivu, kwanza hutazama nje. Humtazama jirani, humtazama mgeni, hata hewa huilaumu. Wahenga walituona tukihangaika hivyo wakatuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wengi huitumia methali hii kumsema ndugu au rafiki msaliti, nao hawakosei. Ila husahau kwamba ndani ya nguo zako, kabla ya ndugu na rafiki, umo wewe mwenyewe. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Tuure wa Tampere, mji wa Ufini.

Tuure na Oiva walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Tuure alikuwa msemaji na fundi wa kompyuta. Oiva alikuwa mtu wa maneno machache, aliyepika katika meli za abiria kwa miaka kumi na miwili hadi Tuure alipomsihi aache masufuria, aje amwandikie maneno ya gemu ya kompyuta. Walikodi ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha nguo, kando ya maporomoko ya maji, na humo watu kumi na mmoja wakatengeneza *Kimya cha Zohali*.

Katika gemu hiyo mchezaji huwa nahodha wa meli ya kubeba barafu huko angani, karibu na sayari ya Zohali. Yeye ndiye anayechagua aende wapi, amsaidie nani, amjibu nini kila anayemsemesha. Meli, miezi inayoizunguka Zohali, vita na sheria za mvutano wa sayari vilitoka kichwani mwa Tuure, naye alivitolea jasho miaka mitano. Oiva aliandika mtu mmoja tu wa maana, Mzee Eemeli, mpishi wa meli, ambaye kazi yake ilikuwa kumenya viazi na kulalamika kwamba miguu yake ina baridi. Ukimjibu harakaharaka, alikwambia chakula ki tayari, basi. Lakini ukikaa naye jikoni bila kuchagua jibu lolote, dakika tatu nzima, mzee aliweka kisu chini akaanza kukusimulia habari za binti aliyemwacha duniani. Watu wa Tampere hawakushangaa, kwani kwao kunyamaza na mtu ni kumheshimu. Walioshangaa ni watu wa nje, ambao hawajawahi kuona gemu ikiwangoja.

Gemu ilivuma kuliko walivyoota. Kisha zikaanza kuja soksi. Zilikuwa soksi nene za sufu, zilizofumwa kwa mkono, kutoka Norwe, Uskochi na hata Japani, na juu ya kila furushi paliandikwa: "Kwa Oiva, baba yake Eemeli." Oiva aliona haya akawa anazigawa ofisini. Tuure naye alipewa jozi yake. Alizivaa asubuhi moja, akaona miguu inamwasha, akazivua kabla ya saa sita.

Hakuna hata mtu mmoja aliyemwandikia Tuure kuhusu sheria zake za mvutano. Kila posta ilipofika aliikimbilia asome jina. Kila mara lilikuwa la Oiva. Mwandishi wa gazeti alimhoji kwa saa nzima, na alipofunga daftari akauliza kama angeweza kumwona Oiva japo kidogo. Tuure alitabasamu akamwonyesha mlango. Kijiba cha roho kilikuwa kimeshamkaa, na kila usifiwapo ule upishi wa viazi, kilinenepa.

Ulipofika wakati wa gemu ya pili, kila mtu alijua kwamba isipopendwa, ghorofa ya tatu itafungwa na watu kumi na mmoja watatawanyika. Tuure aliita kikao, kukawa na kahawa na mikate mitamu ya iliki. Alitangaza kwamba Mzee Eemeli atakufa katika dakika ya kwanza. Zaidi ya hayo, mchezaji atapewa sekunde tano za kuchagua jibu, na akichelewa, kompyuta itamchagulia.

"Watu wa nje hawana subira," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa ya kitoto. Anayepinga aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Oiva alikoroga kahawa yake isiyo na sukari, akaendelea kuikoroga. Sasa Mfini akinyamaza namna hiyo mbele ya jambo baya, hajakubali. Anakungoja ujirudi mwenyewe, asije akakuaibisha mbele za watu. Tuure alilijua hilo tangu utotoni, na gemu iliyompa jina ilijengwa juu ya kujua huko. Lakini siku ile aliamua kusikia ndiyo. Aliandika kwamba wote wamekubali, na Oiva akahamishiwa kazi ya kutunga majina ya bunduki.

Miezi minane baadaye Kaisu, mkuu wa wajaribuji, wale wanaoicheza gemu kabla haijauzwa, aliingia na ripoti. Kaisu alikuwa mwanamke asiyemung'unya maneno. Kati ya wajaribuji arobaini, alisema, thelathini na sita wameandika jambo lilelile: Eemeli yuko wapi?

"Kafa," Tuure alijibu. "Kaburi si wameliona?"

"Wameliona. Halafu wanarudi jikoni, wanasimama. Kuna mmoja kasimama dakika ishirini, Tuure. Anangoja viazi."

"Mwambie aende vitani."

"Nenda kamwambie wewe. Na mimi niambie, siku utakapopata soksi zako, utapoa?"

Tuure aliitupa ripoti ile kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

Gemu ya pili ilitoka mwezi wa Novemba. Ilikuwa na miezi mingi zaidi, bunduki mia tatu, na vita visivyokwisha. Watu waliinunua kwa pupa siku ya kwanza, na siku ya tatu wengi walikuwa wameiacha. Gazeti moja liliandika kwamba ni kubwa kama Zohali, na ina baridi vilevile. Tuure akaanza kumtafuta mchawi wake. Aliwalaumu waandishi wa magazeti, akawalaumu wajaribuji, akawalaumu wasambazaji waliolipia gemu na vijana wa siku hizi. Kabla ya Krismasi wasambazaji wakakata shauri: hakutakuwa na gemu ya tatu, na ghorofa ifungwe.

Wiki ya mwisho posta ilileta furushi. Kaisu aliliweka mezani pa Tuure. Juu yake paliandikwa jina la Tuure, la Tuure peke yake. Alilifungua papo hapo. Ndani mlikuwa na soksi moja tu, ya kijivu, na barua fupi ya bibi mmoja wa Bergen, huko Norwe: "Nilianza kumfumia Eemeli jozi nikiingoja gemu ya pili. Nilipofika kwenye kaburi lake niliacha. Nimeambiwa wewe ndiwe uliyemzika, basi hii ni yako." Aliisoma mara mbili, akaikunja ile soksi akaitia mfukoni mwa koti.

Ijumaa mchana wanaume waliingia sauna, chumba cha kuogea mvuke, kama kila Ijumaa, na huko mtu huvua cheo chake pamoja na nguo mlangoni. Wengine walipotoka, Tuure na Oiva wakabaki kwenye benchi la juu. Tuure akaanza tena na waandishi, akaja kwa wasambazaji. Oiva alichota maji kwa kata akayamwagia mawe ya moto, mvuke ukapanda. Tuure akamalizia na vijana wa siku hizi, kisha akakosa wa kumlaumu. Wakakaa kimya. Huenda zikapita dakika tatu.

"Nilikuonea wivu," Tuure alisema hatimaye. "Zile soksi. Nilimuua yule mzee ili zisije tena."

Oiva aliiweka kata chini.

"Nilijua tangu siku ile ya kikao. Nikawa nakungoja."

"Ungeniambia, Oiva."

"Kweli, ningekwambia. Hilo ni kosa langu, nami nimelibeba. Jumatatu narudi melini, wamenipa jiko langu."

Tuure alimuuliza kama, siku moja, watatengeneza kitu tena pamoja. Oiva aliyatazama mawe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na safari hii Tuure hakuandika kwamba amekubali.

Alitoka peke yake, akavaa shati, suruali na koti lake. Alipoutia mkono mfukoni, ukaikuta ile soksi moja, akasimama nayo pale mlangoni. Tangu Novemba alikuwa amemsaka adui magazetini, kwa wasambazaji na kwa vijana wa siku hizi, kumbe alikuwa akitembea naye, akimvalisha na kumvua kila siku. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.