Daktari Fisi na Pimbi Mchungu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na zahanati!

— Na foleni mpaka barabarani!

Basi hapo kale, Fisi alikuwa daktari wa familia zote za porini. Koti jeupe, tumbo mbele. Kila mgonjwa akiingia, Fisi humkazia macho: "Umekunywa miti shamba?"

"Hapana, daktari!"

"Vizuri. Upuuzi mtupu ule. Haya, nenda kalazwe."

Akaja Swala, akaulizwa, akakana, akalazwa. Akaja Kanga, akaulizwa, akakana, akalazwa. Na aliyelazwa harudi. Ndugu wakiuliza, Fisi hujifuta mdomo: "Kapona huyo, katokea mlango wa nyuma."

Siku moja akalazwa mke wa Pimbi. Kikohozi tu! Pimbi akachungulia dirishani. Lahaula! Sufuria iko jikoni inachemka, togo togo togo, na kitunguu kimeshakatwa. Moyo ukampasuka. Mke ndiye huyo mmoja, na kumpenda anampenda. Akakimbilia kwenye mshubiri, akajipaka utomvu wake, ule ambao kina mama huwaachishia watoto ziwa. Akajipaka toka masikio hadi kucha, kisha akajipenyeza mbele ya foleni.

"Shikamoo, daktari. Kho! Kho!"

"Marahaba. Umekunywa miti shamba?"

"Nimekunywa!"

Foleni nzima ikaguna: mhh!

"Shubiri, daktari. Asubuhi na jioni, mimi na mke wangu. Imetuingia mpaka kwenye uboho."

Fisi akacheka, kwi kwi kwi! "Imeingia wapi, wee? Majani hayo hayafanyi kazi! Yanapita tu kama maji!"

"Basi nirambe."

Fisi na tamaa yake akatoa ulimi. Lamb! Macho yakamtoka. "Ptuu! Ptuu! Mshenzi wewe! Mchukue na mkeo, atanitilia uchungu mchuzi wote!"

"Mchuzi?" akauliza Ngiri kwenye foleni.

Fisi akajifuta mdomo haraka.

"Nilitaka kusema... matibabu," akasema Fisi.

"Hata mimi nimekunywa, daktari!"

"Na mimi!"

"Mimi nimeoga kabisa!"

Wakatimka, tifu tifu tifu! Pimbi kamshika mkewe mkono, mbio, wanacheka na kukohoa.

Tangu hapo Fisi akiuliza, jibu ni moja: "Nimekunywa!" Kakonda, koti linampwaya. Na Pimbi? Shubiri hajaionja mpaka leo. Anasema chungu.

Ngano yangu imefika mlangoni, anayetaka aifungulie, asiyetaka alale. Na funzo lake, wanangu: daktari hadanganywi. Akikuuliza, mwambie ukweli mtupu, kama Pimbi.