Kwa Nini Mwaridi Hukatwa na Jirani

Nyie wa mjini mnakata miwaridi yenu wenyewe, tena mkijipiga picha. Hapa kwetu haiwi hivyo, na kabla hamjacheka, nisikilizeni. Huyo anayechezea simu aiweke chini, maana sirudii.

Zamani hizo, hata hapa milimani kila mtu alikata mwaridi wake. Kipupwe kikielekea mwisho, kabla ya mvua za vuli, mtu alitoka na mundu, akafanya kazi yake, akarudi jikoni kuota moto. Hakuna jirani aliyeitwa.

Katika watu hao alikuwapo Bi Sikudhani. Alikuwa na binti mmoja tu, Salima, na Salima alipanda mwaridi mlangoni kwa mama yake. Mwaka haukuisha, homa ikamchukua. Basi kilichobaki ni mti ule. Kipupwe kilipofika, Bi Sikudhani alishika mundu, akaugusa mti, akaurudisha mundu darini. Angekataje kitu kilichopandwa na mikono ya mwanawe? Hata nyasi zilizotambaa mpaka shinani aliziacha, eti Salima alizikanyaga. Msimcheke. Nami ningefanya vivyo hivyo.

Lakini mti hauna habari na huzuni ya mtu. Mwaka wa kwanza ulitoa maua mengi, wa pili machache, wa tatu ua moja dogo lililojikunja. Matawi yalisongamana, mengine meusi, majani yakajaa madoa. Bi Sikudhani aliuona unakufa mbele yake, na bado mkono ulikataa. Alikuwa anafiwa mara ya pili, maskini, na safari hii alijua dawa iko mkononi mwake.

Jirani yake, Bi Mwatumu, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Asubuhi moja alikuja na mundu wake.

"Dada, ingia ndani," alisema. "Utanichukia, lakini ingia."

Bi Sikudhani aliingia, akafunga mlango, akasikia kila tawi likianguka. Alipotoka alikuta vijiti vitano vya kufika magotini, kila kimoja kimekatwa juu ya chipukizi linalotazama nje, nyasi zimeng'olewa shinani na samadi imewekwa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kwa siku arobaini hakuitikia salamu ya Bi Mwatumu.

Mvua zikaja. Vile vijiti vilitoa majani mekundu, kisha matumba, kisha mawaridi makubwa ambayo hata Salima hakuwahi kuyaona. Bi Sikudhani alichuma la kwanza, akavuka njia kwenda kuomba radhi.

Alimkuta jirani yake nyuma ya nyumba, amekaa chini na mundu mapajani, mbele ya mwaridi uliokauka nusu. Marehemu mumewe ndiye aliyeupanda.

"Miaka sita natoka nao mundu, narudi nao," Bi Mwatumu alisema. "Siwezi, dada. Nikatie."

Wakati wa kukata ulikuwa umepita kidogo, lakini nani angemwambia asubiri? Bi Sikudhani aliweka ua chini, akamwinua mwenzake, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi na mundu.

Na tangu siku hiyo, kipupwe kikiisha, hapa kwetu hakuna anayekata mwaridi wake. Huita jirani, na mwenyewe huingia ndani.

Ule wa dirishani aliupanda babu yenu. Mfungulieni jirani yetu Mama Hadija mlango wa uani, ameshafika. Mimi naingia ndani.