Mtoto wa Eliwaza na Kura Tatu

Haya, sogeeni, na aliyevaa kofia ya chama aivue kwanza, maana hadithi hii haina chama.

Huko milimani, kwenye mashamba ya tangawizi, aliishi Bi Zipora, mjane mwenye watoto wanne. Mbonea, wa kwanza, alijaliwa mabega: mzigo uliowashinda wawili aliubeba peke yake. Nakijwa alijaliwa ulimi; hakuna mkubwa aliyemdanganya akaondoka bila kuumbuliwa. Haika, kitinda mimba, alijaliwa moyo mweupe, hawezi kusema asichokiamini. Mwingine alikuwa Eliwaza, na huyo ndiye aliyekufa.

Alikufa akijifungua, juu ya machela, mchana kweupe, wakimteremsha kwenda hospitali ya bondeni. Mbonea alibeba, Nakijwa alitangulia kutafuta gari, Haika alimpokea mtoto palepale njiani. Mtoto akapona. Na walikuwa wameipita zahanati ya kijiji, imepakwa rangi, ina kufuli mlangoni. Diwani wa zamani, wa chama cha Ndoo, aliuza vitanda vya zahanati hiyo. Diwani wa sasa, wa chama cha Mzinga, aliigeuza ghala la tangawizi yake. Angalau ilinukia vizuri.

Bi Zipora alimlea mjukuu mpaka macho yakaanza kumsaliti. Uchaguzi ulipokaribia akawaita wanawe.

"Mimi simwezi tena," alisema, "na kila mmoja wenu anamtaka. Nitampa yule ambaye kura yake itamtendea haki dada yenu."

Mbonea alipanga foleni tangu alfajiri, akampigia kura yule mtu wa Ndoo. "Namjua ni mwizi, Mama." alisema aliporudi. "Lakini aliyeweka kufuli ni huyu aliyepo, na mtu hatoki kitini kwa sababu sisi tumenuna."

Nakijwa alipanga foleni ileile. Akazitazama picha za wagombea wanavyochekacheka, akaipiga karatasi mistari kutoka juu mpaka chini. "Mmoja kauza kitanda, mwingine kafunga mlango," alisema. "Nichague nini hapo, Mama? Sikuwapa kitu, wote wawili."

Haika alimpigia Bi Foibe, muuguzi mstaafu aliyegombea kwa kichama kisicho na hata bendera. Kila mtu alijua hashindi. "Ndiye pekee ambaye angelifungua lile jengo," alisema. "Nikimpa mwizi kura yangu, huyu mtoto nitamtazamaje usoni?"

Matokeo yakatoka. Diwani wa Mzinga alirudi kitini, kamzidi mtu wa Ndoo kwa kura mbili. Gari lake la matangazo lilipita mbele ya nyumba likiwashukuru wananchi kwa imani yao, muziki juu, mpaka mtoto akaamka analia.

"Kura mbili!" Mbonea alifoka. "Nakijwa na Haika! Nyie ndio mmemrudisha!"

"Tungemwingiza nani, kaka?" Nakijwa akajibu. "Aliyeuza kitanda ambacho Eliwaza angelalia? Hiyo ndiyo haki yake?"

"Na wewe ukaichorachora karatasi," Mbonea akasema, "ukadhani umemkomoa mtu. Wala hawakuisoma!"

Haika alikuwa akimbembeleza mtoto. "Hata kura zetu mbili zingemfanya wa Ndoo alingane naye tu, kaka," alisema polepole. "Ya kumpita ilitakiwa iwe ya tatu."

Wote wakageuka kumtazama mama yao.

Bi Zipora alikitazama kidole chake. Vya wanawe vilikuwa vyeusi kwa wino; chake kilikuwa kisafi. Siku ya kura aliwaambia lazima mmoja abaki na mtoto, na hakusema uongo. Lakini mtoto angebebeka mgongoni. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka na wagombea, amewachukia wote, na aliona afadhali akae jikoni kuliko kusimama juani kwa ajili ya watu wale. Akampokea mtoto kwa Haika, akauficha mkono wake nyuma ya mgongo mdogo wa mtoto.

"Amua, Mama," walimwambia.

Haya, nanyi amueni. Mtoto apewe aliyempa mwizi kura ili kumtoa mwizi? Au aliyewakataa wote? Au aliyemchagua mwema asiyeweza kushinda? Na huyo mama, ana haki gani ya kuwahukumu?

Je, wewe ungempa nani? Ila kabla hujajibu, nyoosha kidole chako tukione.